Mpwa wangu alishinda elfu thelathini barabarani. Bado anaweza kukimbilia chuo Marekani?

MjombaKerio, 14 Septemba 2024

Hamjambo wote. Naomba ushauri kwa mnaojua mambo ya vyuo vya Marekani, hasa mliokimbia huko wenyewe.

Binti wa dada yangu ana miaka 19. Alifanya KCSE mwaka jana akapata B ya kutoa, na tangu hapo yuko kwenye kambi ya wakimbiaji Iten. Mwezi wa nne aliingia mbio za barabarani za kilomita 10 kule Nakuru, akamaliza wa tatu. Zawadi ilikuwa shilingi elfu thelathini, ikaingia kwa M-Pesa jioni ile ile kabla hata hajapanda matatu ya kurudi. Pesa yenyewe iliisha zamani. Kubwa lilienda karo ya mdogo wake, nyingine viatu, zilizobaki mama yake akanunulia mbolea.

Sasa kocha wa chuo kimoja cha Division I, lile daraja la juu la michezo ya vyuo Marekani, ameona muda aliokimbia mita 5,000 pale uwanja wa Annex, Eldoret. Wameongea WhatsApp mara kadhaa, naye amemtumia fomu. Ndani kuna swali: umewahi kupokea zawadi ya pesa katika mashindano yoyote? Taja mashindano, tarehe na kiasi.

Kambini wamegawanyika. Kuna anayesema tayari ni profesheno, chuo asahau. Kuna anayesema aandike hapana, Wazungu watajuaje ya Nakuru. Halafu kuna menja mmoja anazunguka na karatasi, anataka msichana atie sahihi sasa hivi, mwakani ampeleke mbio za Ulaya. Anasema sahihi haina madhara, "ni ya kuweka nafasi tu".

Mimi ni mkulima, riadha naiona kwa televisheni. Tufanyeje?

TambachBoy, 14 Septemba 2024

Andikeni hapana mzee. Elfu thelathini ni pesa? Hakuna mtu Marekani atafuatilia mbio za Nakuru.

NyikaMama, 14 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Huyo wa juu mpite.

Nilikimbia Division I, kusini mwa Marekani, nikamaliza 2023. Chuo sikitaji. Fomu hiyo naifahamu, maana niliijaza nikiwa nimeketi kwenye ngazi za saiba pale mjini Iten, na swali lenyewe lilinitoa jasho kuliko karatasi ya hesabu.

Kwanza hilo la kuficha. Ingia Facebook, tafuta ukurasa wa waandaaji wa mbio za Nakuru. Nakuhakikishia binti yuko pale, ameshika ile hundi kubwa ya kadibodi na wenzake wawili, kiasi kimeandikwa kwa kalamu nene, mbunge yuko katikati anatabasamu. Anayehakiki fomu haji Nakuru, anaandika jina tu kwenye simu. Na mkimbiaji akikutwa amedanganya, kesi inahama: inakuwa si elfu thelathini tena, ni uongo kwenye fomu rasmi, na hiyo ndiyo inayofunga milango. Isitoshe makocha wa vyuo pinzani wanajua sana kusoma matokeo ya Kenya. Ukianza kumshinda mtoto wa mtu, kuna atakayetafuta jina lako.

Pili, kupokea pesa peke yake hakujamfanya profesheno. Kanuni ya NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa upande wa Division I mwaka huu wa 2024 ni hivi: kabla hujajiunga na chuo, unaruhusiwa kupokea zawadi kutoka kwa waandaaji, mradi isizidi gharama zako halisi za kushiriki mashindano yale. Yaani nauli, malazi, chakula, ada ya kujiandikisha, vitu vya namna hiyo. Inahesabiwa shindano kwa shindano. Huwezi kuchukua zawadi ya Nakuru ukasema ilifidia nauli ya kwenda Kisumu mwezi uliofuata. Na mbolea ya dada yako, samahani, haimo.

Kwa hiyo kaeni chini na binti mpige hesabu. Matatu Iten hadi Eldoret, Eldoret hadi Nakuru, na kurudi. Chumba cha kulala, chakula, ada ya kuingia. Tuseme inafika elfu sita. Basi ana ziada ya elfu ishirini na nne, ambayo kwa bei ya dola ya leo ni kama 185. Kiasi kidogo namna hiyo huwa hakizami na mtu. Chuo kinaripoti, kinaomba arudishiwe ruhusa, na kawaida huambiwa atoe ile ziada kwa shirika la hisani. Inauma kutoa sadaka pesa uliyokwisha kula, lakini mlango unafunguka.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo nilipotaka kulia. Ofisi ya kanuni ya chuo chetu iliniandikia barua pepe: tafadhali ambatisha risiti za usafiri. Risiti ya matatu! Nilijaribu kumweleza yule mama kwamba konda wa gari la Eldoret hutoa chenji kwa shida, sembuse karatasi. Akanijibu kwa upole kabisa: labda kampuni ya usafiri inaweza kukutumia nakala? Nilicheka hadi wenzangu wa bwenini wakaja kuniangalia. Kilichoniokoa ni taarifa ya M-Pesa. Nauli ya kwenda nilikuwa nimelipa kwa simu, chumba pia, ada ya mbio pia. Zile za taslimu, kocha wangu wa kambini aliandika barua yenye tarehe, njia na nauli, akatia sahihi na muhuri wa kambi. Waliikubali. Mwambie binti apakue taarifa ya M-Pesa ya Aprili leo hii.

Tatu, na hili kambini hawalijui ingawa ndilo linalowamaliza watoto wengi kuliko zawadi: kalenda.

Ukimaliza kidato cha nne, saa inaanza. Kwa riadha na mbio za nyika unapewa mwaka mmoja. Ukipita bila kujiunga na chuo, halafu ukaendelea kukimbia mashindano rasmi, yenye namba kifuani na matokeo yanayotolewa, kila mwaka unakula msimu mmoja kati ya minne uliyo nayo, na ukifika unakaa nje mwaka mzima kwanza. Hata usiposhinda shilingi. Nilikuwa na mwenzangu wa kambini, kasi yake niliiona kwa mgongo tu kila Jumanne uwanjani. Alikaa akikimbia nyumbani miaka kadhaa baada ya shule, zawadi hakuwahi kupata, akidhani yuko salama kwa sababu mfuko ni mtupu. Aliporipoti chuoni alikuta misimu imebaki kiduchu.

Binti wenu amemaliza mwishoni mwa 2023. Mwaka wake unaisha mwisho wa huu. Muulizeni kocha wa huko swali moja la moja kwa moja: chuo chenu kinapokea wanafunzi Januari? Kama ndiyo, kimbizaneni na mtihani wa Kiingereza, I-20 (fomu ya chuo ya kuombea visa) na miadi ya visa kwenye ubalozi wa Marekani pale Gigiri. Kama ni hadi Agosti 2025, basi mazoezi yaendelee, mashindano yasimame Desemba. Tizi haihesabiwi. Namba kifuani inahesabiwa.

Na menja, mfukuzeni kwa heshima. Mkataba wa wakala wa kumtafutia mbio, hata wa mdomo, ndio unaomtoa kabisa. "Ya kuweka nafasi tu", eti. Nafasi ya nani?

BarabaraNiMkate, 15 Septemba 2024

Dada NyikaMama nakuheshimu lakini ngoja niseme ukweli ambao hampendi kuusikia. Beatrice Chebet amepita chuo gani Marekani? Mwezi wa tano amekuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia 10,000 chini ya dakika 29, mwezi wa nane kachukua dhahabu mbili Paris. Faith Kipyegon je? World Athletics mwaka huu wamelipa dola 50,000 kwa kila dhahabu. Emmanuel Wanyonyi ana miaka 20 na amebeba yake. Sasa nyinyi mnamwambia msichana arudishe dola 185 kwa sadaka ili aende akakimbie bure miaka minne, akimaliza ana 24, miguu imechoka kwa mbio za kila wikendi. Menja anampa Ulaya mwakani.

NyikaMama, 15 Septemba 2024

Umetaja watatu. Nitajie na wale wengine waliokuwa nao kambini. Ukipita barabara ya Iten saa kumi na mbili asubuhi, wale mamia wanaopita kama mto, wangapi wana menja wa kweli na wangapi wana karatasi tu? Chebet alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 mwaka 2018. Mtoto wa namna hiyo hata mimi ningemwambia asaini. Mjomba ametuambia binti yake amekuwa wa tatu Nakuru.

Na si "bure". Udhamini kamili kwa anayetoka nje ya jimbo ni masomo, chumba, chakula, vitabu, bima, daktari wa misuli anayekushika mguu kabla hujaomba. Hapo tena wasichana wana bahati kidogo: kwa kanuni za mwaka huu wa 2024 Division I inaruhusu udhamini 18 kwa timu ya riadha ya wanawake na 12.6 kwa wanaume, na huo mgao unagawanywa na warushaji, warukaji, wote. Ndiyo maana wavulana wengi hupewa nusu mkate, na ndiyo maana Mjomba amuulize kocha kwa maandishi: ni kamili au ni sehemu? Nani analipa kiangazi?

Kuhusu miguu kuchoka, hapo una haki. Msimu wa nyika, msimu wa ndani, msimu wa nje, na kuna makocha wanaokukimbiza 5,000 na 10,000 wikendi moja kwa ajili ya pointi. Lakini Doris Lemngole yuko Alabama sasa hivi, mwaka huu ametwaa ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji. Mercy Chelangat wa chuo hicho hicho alishinda nyika. Sam Chelanga alikimbia 10,000 kwa 27:08 akiwa mwanafunzi wa Liberty, 2010. Miguu haikuonekana imechoka.

Kinachoudhi kweli ni kingine. Tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, matangazo na kadhalika. Mwenzangu wa chumba, Mmarekani, alipewa pesa kwa kujipiga video akinywa kinywaji. Mimi nilikuwa nammaliza kwa nusu dakika kila mbio, na sikuweza kugusa, kwa sababu viza ya mwanafunzi, F-1, haikuruhusu kufanya kazi ya namna hiyo ukiwa ndani ya Marekani. Wengine husubiri warudi likizo nyumbani ndipo wafanye. Kwa hiyo ukisikia siku hizi vyuo vinalipa, ujue Mkenya yuko kwenye foleni ileile amesimama pembeni.

RaketiNyali, 15 Septemba 2024

Nimeingia hapa kwa bahati, mimi ni wa tenisi, Mombasa. Kwetu kanuni ya mwaka huu wa 2024 ni tofauti kidogo: kabla ya chuo unaruhusiwa kupokea hadi dola 10,000 kwa mwaka, ukipita hapo ndipo gharama zinaanza kuhesabiwa. Lakini ugomvi ni ule ule. Reese Brantmeier wa North Carolina alishinda karibu dola 49,000 kwenye US Open ya 2021 akiwa bado wa sekondari, wakavutana naye juu ya gharama zipi ni halali, na Machi mwaka huu amewashtaki NCAA mahakamani. Kwenye US Open ya juzi Maya Joint ametoka kwenye mchujo hadi raundi ya pili, dola 140,000, naye ameshaahidi kujiunga na Texas. Pesa yote hiyo hawezi kuibeba na chuo akabaki nacho.

Swali langu ni moja. Joseph Schooling wa Singapore alikuwa mwanafunzi wa Texas alipomshinda Phelps kwenye kuogelea Olimpiki ya 2016, nchi yake ikampa dola milioni moja za Singapore, na akaendelea kuogelea chuoni. Milioni ni sawa, elfu thelathini ya Nakuru ni dhambi?

NyikaMama, 15 Septemba 2024

Ile ilipita kwa sababu NCAA ina kanuni maalumu ya Olimpiki: zawadi kutoka kamati ya Olimpiki ya nchi yako kwa nafasi uliyomaliza unaruhusiwa kuipokea, na kuanzia 2015 wakaipanua hadi kwa wageni. Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Milioni ya kamati ya Olimpiki ni safi, hundi ya kadibodi ni chafu. Mimi sikuzitunga.

MwalimuMstaafu, 16 Septemba 2024

Nimesoma yote. Nilifundisha michezo shule za bonde huko kwa miaka mingi, niongeze kidogo.

Hii habari ya "ridhaa", yaani kucheza bila kulipwa, si mpya na haijawahi kuwa ya haki. Jim Thorpe wa Marekani alinyang'anywa medali za Olimpiki za 1912 kwa sababu ya vijisenti vya besiboli, na amerudishiwa heshima ya kuwa mshindi pekee mwaka 2022, amekufa tangu 1953. Kipchoge Keino na Ben Jipcho walipoamua kulipwa, miaka ya sabini, walilazimika kujiunga na mbio za kulipwa za kule Marekani, ile ITA, na hapo mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yao. ITA yenyewe ikafa 1976. Jipcho alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji 1973! Wakati huo huo Henry Rono akaenda Washington State, akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, mfukoni hana kitu.

Riadha ya dunia iliachana na mambo hayo. IAAF, shirikisho la riadha la dunia, walilitoa neno "ridhaa" kwenye jina lao 2001. Walioling'ang'ania ni NCAA, ambao nyongeza ya mkataba wao wa televisheni wa mpira wa kikapu wa wanaume, ile inayofika 2032, ni dola bilioni 8.8. Mwenye bilioni nane anamuuliza mtoto wa Keiyo risiti ya matatu. Mimi ningecheka kama NyikaMama, ila nina shinikizo la damu.

Lakini mjomba, ukitaka kuingia nyumba ya mtu unavua viatu. Jazeni fomu kwa ukweli. Na msisahau kuna Division II, daraja la chini yake, ambao wamelegeza zaidi juu ya yaliyotokea kabla ya chuo. Nimepeleka vijana huko waliokuwa na zawadi kubwa kuliko hiyo, wamemaliza na digrii za uuguzi na uhasibu. Hawaonekani kwenye televisheni, basi.

MjombaKerio, 19 Septemba 2024

Asanteni wote, hasa NyikaMama na Mwalimu.

Tumekaa na binti tukapakua taarifa ya M-Pesa. Imetoka elfu tano na mia nne: nauli, chumba kimoja cha mia nane ambacho walilala wasichana wawili (alilipa yeye chote, mwenzake akamrudishia nusu, sijui inahesabiwaje), chakula, na ada ya mbio. Kocha wa kambini ataandika barua. Picha ya hundi tumeipata Facebook kweli, na mbunge yupo, ila hatabasamu.

Kocha wa Marekani amejibu. Januari wanapokea, udhamini ni kamili kwa mwaka wa kwanza na unafanyiwa upya kila mwaka. Alipoambiwa habari ya zawadi hakushtuka hata kidogo, akasema mleteni vitu vyote, nitawapa ofisi ya kanuni. Menja nimemwambia binti anasoma. Amekasirika, anasema tumempotezea muda.

Yamebaki mawili. Mbio za Nakuru walimpa pia jozi ya viatu vya wadhamini, washindi kumi wa kwanza wote walipewa. Viandikwe? Na cheti cha KCSE kiko shuleni, wanakishikilia kwa salio la karo la elfu kumi na tisa. Karatasi ya matokeo ya mtandaoni chuo hawaitaki, wanataka cheti.

NyikaMama, 19 Septemba 2024

Chumba andika nusu, mia nne, na ambatisha ujumbe wa mwenzake kurudisha. Usimpe mtu sababu ya kuuliza.

Viatu viandike, taja kampuni na kwamba walipewa kumi wote. Mara nyingi havina shida.

Cheti: sheria ya KNEC, baraza la mitihani, hairuhusu shule kushikilia cheti kwa sababu ya karo. Nenda na barua ya chuo mkononi, muone mwalimu mkuu mwenyewe, si karani, Jumatatu asubuhi kabla ya gwaride. Akikataa mwombe akuandikie kukataa kwake kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Kisha ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Salio mtalipa polepole, hilo ni deni na ni haki yao, lakini cheti si rehani.

Na miadi ya Gigiri ombeni wiki hii, msingoje cheti.